Kupokea kwa Koleo

Makoleo mapya yaliletwa kambini mwaka 1967, matangi ya mafuta yalipokuwa yakijengwa ufukweni, ng'ambo ya vilima vya Matrah, karibu na Maskati. Yalikuwa marefu kumshinda mtu. Kabla yake punje ya mionzi ilishikwa kwa kibanio kifupi tu, na Mzungu mkaguzi, ambaye hata akitaka kupiga chafya huitazama kwanza mashine yake ya kupimia mionzi, hakuwa na raha.

Punje yenyewe ukiiona utaicheka. Kijichuma kinachong'aa, si kikubwa kuliko kokwa ya zabibu. Hukaa ndani ya chungu cha madini ya risasi. Hutolewa, huwekwa upande mmoja wa bomba, upande wa pili hubandikwa filamu, na picha ikitoka, ufa uliojificha ndani ya chuma unaonekana kama unywele. Mionzi yake inapenya chuma, sembuse nyama.

Chungu sasa kiliwekwa nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga. Mtu wa nyuma ya ukuta aitoe punje kwa koleo, amnyooshee wa mbele, naye aipokee kwa koleo lake aipeleke bombani. Mzungu akaeleza kwa Kiingereza, Harub akafasiri. Harub alikuwa msimamizi wetu, mtu wa nyumba kubwa Unguja, aliyefika Maskati baada ya mapinduzi hana kitu ila majina ya babu zake, na hayo aliyavaa kila siku.

"Anasema mpe mwenzio kwa koleo, mkono usikaribie," Harub akafasiri, kisha akaongeza yake, akimtazama mwenzetu Bakhit. "Bakhit hana haja ya kufunzwa. Baba yake kapokea kwa koleo umri wake wote."

Wote tuliotoka Unguja tukacheka, maana wote tulimjua Bibi Sayyida, bibi yake Harub. Bibi yule alikuwa akiosha sabuni kabla ya kuitumia, na yasemekana aliwahi kurudisha jeneza mlangoni maiti akaoshwe tena. Baba yake Bakhit alikuwa mtumishi wake, mjukuu wa watumwa wa nyumba ile, na mkate wake alipewa kwenye ncha ya koleo la makaa, mkono wake usije ukagusa mkono wa bibi. Alikuwa akiupokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Bakhit hakucheka. Alikuwa fundi wa kofia, na kazi ya kambini aliifanya kwa muda tu, mpaka apate kibanda sokoni Matrah. Viua vyake, vile vitundu vya kofia vinavyozungushiwa uzi, vilikuwa vidogo hata mbu akitia pua haitoki. Mkewe, Shaikha, alikwisha kuchagua kibanda chenyewe.

Asubuhi iliyofuata Harub akasimama nyuma ya magunia, akaitoa punje, akaipitisha juu ya ukuta. Bakhit akaliacha koleo lake mchangani. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu.

"Shika koleo, yakhe," akanong'ona Thabit, mwenzake wa zamu. "Hiki si kitu cha kupokea kwa mkono."

"Mimi sipokei kwa koleo."

"Basi wewe lishike lako, mupeane koleo kwa koleo."

"Hata nikishika langu, yeye bado kaninyooshea lake."

Harub aliyasikia yote. Alijua punje inafanya nini, maana ni yeye aliyetufasiria. Angeweza kulirudisha koleo nyuma. Akatabasamu, akaiachia.

Ikaanguka kiganjani. Haikuwa ya moto, haikuwa ya baridi. Bakhit akaifumbata kwa vidole, akaenda nayo bombani mwendo wa bwana harusi, akaipachika.

"Ndiyo hii munayoikimbia?"

Tukampigia makofi. Wiki nzima alifanya hivyo, kila mara Mzungu akiwa kwenye tangi jingine, na kila siku Harub alimwachia kwa adabu kubwa kuliko jana. "Tafadhali, bwana Bakhit." Thabit peke yake aligeuza uso.

Vidole vikaanza kuwasha. Bakhit akasema ni sabuni. Vikawa vyekundu, vikavimba, vikatoka malengelenge. Akawa anashona usiku akiuma kitambaa kwa meno. Ngozi ikabambuka kama ya ndizi mbivu, na chini yake hapakuwa na ngozi nyingine. Daktari alikata vitatu, akabakisha kidole gumba na kidogo cha mwisho. Shaikha alipoambiwa, alimuuliza kama vilivyobaki vinaweza kushika sindano. Daktari akasema vinaweza kushika kikombe.

Mzungu akataka kujua kwa nini koleo halikutumika.

"Mwambie habari za baba yangu," Bakhit akamwambia Harub.

Harub akafikiri kidogo, akafasiri, "Anasema hakufahamu."

Mzungu akasikitika sana. Akaona wasiofahamu ni wengi, na ubao wenye maandishi hautawasaidia. Akaamuru Bakhit asifukuzwe. Apewe kazi nyepesi, akae kwenye mlango wa ghala la makoleo.

Basi kila kundi jipya la wafanyakazi likifika, hupitishwa kwake kwanza. Bakhit husimama, akauinua mkono. Dawa hii ikawafaa watu kuliko maneno yote ya Mzungu. Hakuna tena aliyegusa punje, na Harub akapandishwa cheo kwa usalama wa kambi yake.

Siku moja kijana wa mji wa Sohar, mgeni, akautazama ule mkono akamuuliza Bakhit mwenyewe, "Kwani ami, hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

"Sasa?"

Bakhit akafungua kinywa. Wale wa mbele wakasogea kusikiliza.

"Inua juu zaidi," akasema Harub. "Wa nyuma hawaoni."

Akainua.