Ngozi ya Kuazima

Jumanne asubuhi bibi Épiphanie alishuka vilima vya Mwese kwa pikipiki, kapakata ndoo ndogo ya maharage ya kuwapelekea madaktari. Walikuwa tisa, wote wanasomea ubingwa wa ngozi, wametoka chuo kikuu kuja Mpanda kuangalia wagonjwa. Maharage waliyapokea, na bibi wakamwangalia kweli. Mabaka yake yalianzia shingoni yakafika viganjani, na kwa miaka minne watu kanisani walimtakia amani kwa kumwinamishia kichwa tu, kutoka mbali.

Profesa Malale, mwalimu wao, alisema mabaka mazuri namna ile hajapata kuyaona. Wanafunzi wakaandika "mazuri". Bibi alipouliza dawa, profesa alimweleza kwa upole kwamba muda umekwisha, mtihani uko karibu, na laiti wangeweza kuondoka na ngozi yenyewe.

"Si mngesema mapema," bibi akasema. Akaingia nyuma ya pazia, akaivua kuanzia kisogoni, akaikunja kama kitenge, akawapa. "Mtanirudishia na dawa yake, wanangu."

Kwao Mwese bakuli la jirani halirudi tupu. Hata ndizi mbili utaweka. Hakuona haja ya kuwaeleza hayo watu waliosoma. Muuguzi akamletea fomu ya kuazimisha ngozi, aweke dole gumba. Fomu zilikuwepo za kutosha. Kilichopungua hospitalini ni dawa tu.

Miezi mitatu bibi alikaa bila ngozi. Nzi walimsumbua kidogo, akawa anajifunga vitenge viwili. Jumapili ya kwanza jirani yake Odeta alimkagua, hakuona baka, akampa mkono. Benchi zima likafuata. Bibi alishikwa mikono mpaka mifupa ikauma, wala hakulalamika.

Ngozi ilirudi kwa basi, ndani ya kiroba, imejaa namba, mishale ya kalamu na matundu ya sindano. Barua ilisema wanafunzi wote tisa wamefaulu. Kulikuwa na cheti cha shukrani chenye mhuri. Bibi alikikung'uta kiroba mara mbili kutafuta dawa. Kikaanguka kikopo cha mafuta ya mgando, kimebaki nusu, na karatasi ya Daktari Hana, mdogo kuliko wenzake wote: "Bibi, ilichanika kwapani, nimeishona. Nisamehe."

Bibi alipapasa mshono. Ulikuwa wa mkono mwepesi, nyuzi zimefichwa kwa ndani zisimkwaruze.

"Huyu kalelewa," akasema, akaivaa.

Jumapili Odeta akamwinamishia kichwa, kutoka mbali.

Mwaka uliofuata gari la chuo lilipanda lenyewe mpaka Mwese, na wanafunzi kumi na wawili. Walikuta ngozi imefuliwa, iko kwenye kamba, maana chombo hakiazimwi kichafu. Profesa aliyahesabu mabaka, akafurahi kuona hayajapungua hata moja. Dawa, alisema, itakuwa awamu ijayo.

Bibi aliianua, akaikunja, akamkabidhi.

"Safari hii msiharakishe kuirudisha," akasema. "Pasaka ipite kwanza."