Kamba ya Kileleni

Shemeji yangu Bogomir alikuwa akipanda mlima Triglav kila Noeli, akiwa amekaa mezani na kipande cha keki ya jozi mkononi. Mwaka huu radi ilimkosakosa, mwaka ule alimwokoa Mjerumani aliyening'inia kwenye mwamba. Mlima wenyewe hakuwahi kuugusa. Siri hiyo alinitobolea mimi tu, tena kwa sababu maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Binti yake Neža alikuwa anaolewa na Gorazd, mpanda milima kwelikweli. Kwetu Slovenia, anayefika kilele cha Triglav mara ya kwanza huinamishwa akachapwa kamba matakoni, na anayechapa sharti naye awe alishachapwa. Neža hakutaka zawadi nyingine ya harusi.

"Baba, kiangazi twende wote. Nataka unichape wewe mwenyewe."

"Hata kesho!" Bogomir akajibu, na keki ikamkwama kooni.

Januari akanijia. "Shemeji Slavka, wewe unapanda kilima cha Šmarna Gora kila asubuhi. Nifundishe."

"Mwambie mwanao ukweli."

"Nitamwambia. Nikishajua kupanda."

"Sasa huo utakuwa ukweli au matangazo?"

Alinunua shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Meno aliyajaribia ukumbini, zulia la dada yangu likachanika, akasingiziwa paka. Siku ya kwanza alikuja amevaa sweta tatu na koti juu. Nilimwambia apunguze, mtu huanza kupanda akisikia baridi kidogo. Akaniambia nimwachie mwili wake. Kabla ya nusu ya njia alikuwa amelowa jasho, na juu upepo ukamgandisha hadi masharubu.

Njiani watu husalimiana, ndiyo desturi. Bogomir pumzi hana, akawa anainua fimbo tu. Bibi mmoja akatupita na mbwa wake aliyevaa kikoti.

"Maskini, bwana wako bubu?" akaniuliza.

"Si bwana wangu," nikasema. "Na laiti angekuwa bubu."

Lakini kesho yake alirudi, na keshokutwa. Theluji ilipoanza kuyeyuka aliweza kusalimia. Pasaka ilipofika aliweza kusalimia na kulalamika kwa pumzi moja. Ukweli kwa Neža? Kila nilipouliza, kiatu kilikuwa kinambana.

Agosti tukapanda, sisi wanne. Tulishika nyaya za chuma kwenye miamba, na Bogomir hakuteleza hata kidogo. Nilijivunia mzee yule kuliko alivyostahili. Kileleni, kando ya kijumba cha bati kilichosimamishwa pale juu, Gorazd akatoa kamba.

"Haya mzee, kazi kwako."

Neža akainama, anacheka, macho ameyafumba. Wapandaji wengine wakapiga makofi. Bogomir akainua kamba. Nikaapa moyoni: akimchapa, simsemeshi tena maishani.

Akaishusha kamba.

"Inuka, mwanangu."

"Nini, Baba? Unanionea huruma?"

"Sijawahi kufika hapa. Radi, Mjerumani, vyote nilitunga." Akampa Gorazd kamba, akainama mwenyewe, amekishika kile kijumba kwa mikono miwili. "Nichape mimi kwanza."

Makofi yakakatika. Neža alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. Akamnyang'anya mchumba wake kamba.

"Huyu niachie mimi. Hii ya radi!" Kamba ikalia. "Hii ya Mjerumani! Tena nilimlilia, yule Mjerumani!"

Ya tatu aliinua mkono, ikamshinda. Akamwangukia baba yake mgongoni, analia na kucheka.

"Umejifunza kupanda uzee huu kwa ajili yangu?"

"Na zulia ni mimi. Paka hana kosa."

Kisha Bogomir akamchapa Neža, taratibu mno, hadi watu wakalalamika kwamba hiyo haihesabiwi. Mimi nilikuwa napenga kamasi, nikasingizia upepo.

Noeli iliyofuata tulikaa mezani kama kawaida. Bogomir alikata keki, akala kimya. Dada yangu akamuuliza, mwaka huu hadithi hakuna?

"Nilipanda," akasema. "Nilichoka. Nilichapwa. Basi."

Neža akamsogezea kipande kingine.

"Na yule Mjerumani, Baba? Alipona?"