Neno la Mjomba wa Unguja

Mtu asinisimulie habari za Unguja. Nyinyi mnakwenda leo na boti, mnapiga picha, mnarudi mnajidai mmeiona. Mimi nilikaa siku nne tu, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu kwenye pilau la watu naweka kijiko chini kwanza. Mji ule niliupenda, wajukuu zangu. Niliupenda mno.

Nilikuwa nimeposwa. Kijana mwenyewe ndiye Lukmani, babu yenu, wakati huo mrefu, mcheshi, akicheka unacheka naye hata kama ulikuwa umenuna. Nilimtaka, sifichi. Baba alikubali, mama alikubali. Lakini kwetu baba na mama wakikubali bado hakijakubaliwa kitu, mwenye mtoto ni mjomba. Na mimi mjomba wangu alikuwa mmoja tu, Mohamedi, na huyo Mohamedi alikuwa Unguja, mwaka wa tisa hajatia mguu Newala.

Tukasema aandikiwe barua, wachuma karafuu wampelekee. Bibi yangu mzaa mama, Bi Sikudhani, akaguna. Mwanamke yule alishika mila za ukoo kuliko wanaume wote wa kijiji.

"Barua ni karatasi," akasema. "Mtu yeyote anaweza kuiandika. Neno la mjomba linasikiwa kwa sikio la anayeolewa. Stamili aende, amsikie, arudi aniambie kwa mdomo wake."

Upande wa Lukmani nao wakatupa muda. Mvua ya kwanza ikinyesha bila neno, wanamposea kijana wao binti mwingine. Walikuwa wameshamtaja hata jina, na jina lenyewe baya. Nilikonda wiki ile.

Tukapanda lori la korosho, mimi na mama, tukateremka mpaka Masasi, tukashika njia ya Lindi kufuata meli. Tulipofika Lukuledi, kengele ya misheni inalia, mama akanigusa bega.

"Hapa ndipo yalipoanzia," akasema.

Ndipo nikaelezwa. Mjomba alitaka kumwoa binti wa pale, Mkristo, jina lake Veridiana. Bibi akakataa, na hakukataa kimya kimya. Alisimama mbele ya watu akasema, "Ukienda kwa hao, mimi sina mwana." Veridiana akaolewa na mtu mwingine, mjomba akaenda Unguja kuchuma karafuu, ikawa ndiyo basi.

Kwenye meli nilitapika njia nzima. Lakini tuliposhuka Unguja, mwe! Karafuu zimeanikwa juani, majamvi kwa majamvi, hewa yote tamu. Vichochoro ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Milango mizito ya misumari ya shaba, na mimi nilizoea mlango wa mianzi. Wauza kahawa wanagonganisha vikombe, na watu wakikutana wanaulizana hali mpaka ya paka wa nyumbani. Mama mmoja aliyetuuzia mkate wa mofa aliniita mwanangu, kisha akanicheka nilivyosema, akaniambia, "Hebu sema tena, yanipendeza." Nikanuna, halafu nikasema tena.

Shida ni kwamba hatukujua mjomba anakaa wapi. Siku mbili tunauliza Mohamedi wa Newala, wanatujibu akina Mohamedi wako tele, Newala ndiyo hawaijui. Mimi nahesabu siku, namwona yule binti mwenye jina baya anachekeshwa na Lukmani wangu.

Siku ya tatu tulikuwa Ng'ambo, tukapita penye bomba la mtaa. Bomba liko wazi, ndoo imejaa, maji yanafurika yanakwenda zake mtaroni, na mwenye ndoo yuko kivulini anapiga soga. Nyinyi mmezaliwa na mabomba, hamwezi kuelewa. Sisi tulikuwa tunateremka bondeni alfajiri, unarudi na mtungi jua limeshakuwa kali, na aliyemwaga njiani hakupewa pole, alipewa kofi. Mama alitupa furushi chini akakimbia. Akalifunga lile bomba kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mwenye ndoo.

"Huna adabu wewe! Maji unayamwaga, umekuwa nani?"

"Ala! Bomba la babako hili?" yule mwanamke akaja juu.

"Lingekuwa la baba ungelikuta limefungwa!"

Watu wakajaa. Nilijifanya simjui mama yangu. Lakini muuza kahawa mmoja alicheka mpaka akatua dele lake la kahawa chini.

"Mwacheni bibi wa watu! Huyu kwao ni kumoja na Mohamedi hamali. Na yeye hapiti hapa bila kulifunga bomba hili, miaka yote twamcheka."

Mama alikaa pale pale kwenye tope akalia.

Tulimkuta mjomba bandarini na gari lake la mkono, amenenepa kidogo, mvi mbili tatu. Alimtazama mama, akasema, "Dada," akashindwa kuendelea. Nilipomwambia shikamoo akaitika marahaba, akacheka na machozi yake. "Huyu ndiye Stamili? Nilimwacha hana meno ya mbele."

Siku ile ndiyo Unguja yangu. Aliacha kazi, akanizungusha mji mzima. Akaninunulia halua, nikala mpaka nikaona aibu. Akanionyesha meli anazopakua, hii ya Bombei, hii ya Mombasa, nami nikaona nina mjomba mkubwa kuliko wajomba wote wa Newala. Nilikuwa na furaha, wallahi, sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena.

Tulipokaa nyumbani kwake, mama akafungua maneno. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana mwenyewe ni mtu?"

"Ni mtu, mjomba."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi nisikilize. Mimi sikunyimi. Lakini nitatoaje neno katika nyumba niliyoambiwa si mwana wake, na watu wakasikia? Mwambie bibi yako aseme, 'Nimekosa.' Mara moja tu. Hata amtume dereva wa lori. Nikilipata hilo nakuja mwenyewe, nakuoza kwa mkono wangu, na narudi kukaa kwetu."

"Na asiposema?"

"Asiposema, mimi sina neno."

Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nikamwambia ugomvi ni wenu wawili, anayekosa mume ni nani? Hakukasirika. Alitusindikiza mpaka melini akasimama pale gatini na kofia mkononi hadi tukaondoka.

Kwenye meli nikatazama kusini, mawingu yameanza. Kupeleka ujumbe na kurudishiwa jibu ilikuwa wiki tatu, nne. Na bibi? Bi Sikudhani tangu azaliwe hakuna aliyemsikia akisema nimekosa, hata kwa kuku. Nikamwambia mama, tuseme mjomba amekubali.

"Sikio ni lako na mdomo ni wako," mama akasema. "Mimi sitasema, wala sitakukana."

Tulimkuta bibi barazani anamenya mihogo. Hakuuliza safari, hakuuliza bahari.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, bibi. Kasema niolewe."

Vigelegele! Mashangazi wakatoka majumbani, mtu akatumwa mbio kwa akina Lukmani, wanawake wakaanza ngoma uani. Nami nikacheza, mnadhani nini? Nilikuwa nimempata Lukmani.

Baadaye bibi akaniita, akaniketisha karibu yake. Mama naye alikuwapo, anapanga vyombo.

"Na mimi je? Hakusema kitu juu yangu?"

"Hakusema, bibi."

"Hakudai kitu?"

"Hakudai."

Akashika muhogo bila kuumenya. "Nilidhani atadai nimwombe radhi," akasema. "Kwa nini unafikiri nilikutuma wewe, nikakataa barua? Barua ningesomewa na watu. Nilitaka anidai mbele yako, uniletee. Maneno yenyewe nimeyaweka miaka tisa, nimekosa mwanangu, rudi. Sikuwa na pa kuanzia." Akajipangusa uso kwa ncha ya kaniki. "Kumbe hata hanidai tena. Basi amenisahau."

Nilimtazama mama. Mama aliinamisha kichwa kwenye vyombo vyake, hakusema, kama alivyoahidi. Uani wanaimba jina langu na la Lukmani. Ningelisema pale pale, wajukuu zangu, ningelisema. Lakini nilimwona yule mtu aliyetumwa anarudi anakimbia, na nyuma yake wajomba wa Lukmani wanakuja kwa shangwe.

"Lete kisu, bibi," nikamwambia. "Nikusaidie."