Mkia wa Meneja

Katibu muhtasi wa kiwanda cha magodoro alishachoka kusahihisha Kiingereza cha meneja wake. Mara ya mwisho alipothubutu, aliambiwa mbele ya wageni kwamba ameajiriwa kuchapa, si kufikiri. Tangu hapo akawa anachapa tu.

Ijumaa moja meneja alitaka wafanyakazi waje Jumapili, maana mteja mkubwa angefuata magodoro yake Jumatano. Akaandika tangazo kwa Kiingereza: kufanya kazi Jumapili "entails" siku moja ya mapumziko wiki inayofuata, mfanyakazi achague mwenyewe.

"Bosi, hili neno una uhakika nalo?"

Meneja akaegemea kiti. "Tail ni nini, mama? Mkia. Kwa hiyo entail ni kitu kinachokuja nyuma, huko mkiani. Kikija, kije. Kisipokuja, nani atanikaba koo?"

"Haya, bosi." Akachapa. Meneja akasaini kwa mbwembwe na kugonga mhuri mara mbili.

Jumapili walifika wote, katibu akiwemo. Jumatatu walipoomba mapumziko yao, meneja alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Fundi cherehani, mama asiyekubali kuonewa, akalibandua tangazo ukutani na kulipeleka kwa afisa wa kazi, akiongozana na katibu.

Afisa alisoma mara moja, akamwita meneja.

"Neno hili maana yake jambo la kwanza likiwepo, la pili halina budi kuwepo. Halingoji hisani yako. Huwezi kuwa mjomba wa mtu halafu ukasema dada yako atazaliwa mambo yakikaa vizuri."

"Lakini ule mkia..." meneja akaanza.

"Mkia upi?"

Meneja akamtazama katibu. Katibu alikuwa anakagua kucha zake.

Wafanyakazi walichagua siku bila kugombana: Jumatano, wote. Mteja alifika na malori mawili, akamkuta meneja peke yake getini, tai shingoni, godoro kichwani, jasho likimchuruzika.

Saa hiyo katibu alikuwa kwa dada yake, amenyoosha miguu kwenye stuli. Simu ikaita.

"Mama, njoo japo saa moja tu. Nakuomba."

Alimhurumia kidogo. Kidogo sana.

"Niko mapumzikoni, bosi," akasema kwa upole, akazima simu na kumwomba dada yake mto.