Saa Nane na Dakika Arobaini Usiku

Demetria alifika Mikocheni kwa Mzee Hashil hasira zimemjaa mpaka kooni. Wiki nzima kundi la WhatsApp la wapenzi wa kompyuta za kale lilikuwa linawaka moto, watu wazima na akili zao wakitukanana kwa ajili ya disketi mbili.

Ugomvi wenyewe ulihusu programu ya kupanga vipindi vya shule, iliyoandikwa Mei 1987 katika ofisi moja ya mjini. Mzee Hashil alisema ni yake. Demetria alijua ni ya baba yake, marehemu Gaspar, aliyekuwa akikaa meza ya pili ofisini humo. Ilitajwa hata kwenye wasifu wake siku ya mazishi. Mama yake, Yustina, aliingia kundini ili tu aone jina la mumewe likisifiwa. Hakuwa na fahari nyingine iliyobaki.

Disketi zikafunguliwa. Programu ilikuwa ileile, mstari kwa mstari, kwa hiyo mmoja alinakili kwa mwenzake. Ya Gaspar ilihifadhiwa tarehe kumi na mbili, 09:10. Ya Hashil, siku hiyohiyo, 02:40. Kundi zima likacheka. Saa nane na dakika arobaini usiku, ofisi imefungwa, mlinzi na funguo kiunoni, mzee alipitia dirishani? Wakamwita mghushi. Allen, kiongozi wa kundi, akampa mpaka adhuhuri akiri, la sivyo anafukuzwa. Kwenye maonyesho ambayo kundi lilikuwa likiyaandaa Mwenge lingeandikwa jina la Gaspar peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Binti Gaspar, eh? Macho ya babako hayo." Mzee akamkabidhi simu yake. "Niandikie wewe, mie herufi hizi sizioni tena. Sema Hashil amekosea, yaishe. Usiku sikuingia ofisini hata siku moja. Nilikuwaga nawasha mtambo asubuhi, unaniuliza tarehe na saa, naujazia, naanza kazi. Labda ni uzee."

"Ulikuwa unakuuliza saa?"

"Kila ukiuwasha. Haukuwa na betri ya kutunza saa, maskini."

Demetria hakuamini bahati yake. Akaandika "Mimi Hashil nime", kisha akatazama ukutani aone muda uliobaki. Mshale mfupi ulikuwa umeipita nne. Simu ilisema 10:20.

"Mzee, saa yako mbovu."

"Mbovu wapi! Si saa nne na dakika ishirini asubuhi? Mshale si huo kwenye nne? Sie tangu kwa babu twaziweka hivi, hata ya mkononi. Nyie ndio mnaona kumi mnasema nne."

Demetria akaacha kuandika. Mtambo uliuliza saa, mzee akatazama mkono wake, akaujazia alichokiona. 02:40 haikuwa usiku. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nusu saa kabla ya baba yake.

Hakuna mwingine kundini aliyewahi kuiona saa ile. Angemalizia sentensi tu, akaage, arudi nyumbani na ushindi. Alimpenda baba yake mno, na kwa mara ya kwanza tangu amzike alimkasirikia, kwa kuwaachia uongo wautunze kama mali.

"Umeshaandika?" mzee akauliza kwa upole.

"Bado."

Akafuta yale maneno, akamrudishia simu. Akachukua yake, akaipiga picha saa ya ukutani, akaandika: "Mzee Hashil hakughushi. Aliujazia mtambo saa ya Kiswahili, kama hii ya kwake. Ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Aliyenakili ni baba yangu." Kidole kikagoma. Akakilazimisha, akatuma.

"Mbona walia, mwanangu?"

Kabla hajajibu simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa mama yake.