Mwano wa Panya

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo tumeimbiwa tangu darasa la kwanza. Ila hakuna aliyetuambia kwamba mkuu mwenyewe asiposikia, guu linalovunjika ni la mtu mwingine. Mtafiti Sabina alijifunza hilo Jumatatu asubuhi mbele ya friza la maabara, mlango wazi, baridi ikimpiga usoni, yeye akipekua rafu ya juu, ya kati, ya chini. Kichupa hakikuwapo.

Kichupa chenyewe hakizidi kidole gumba, nacho kilitoka Ulaya kwa ndege. Ndani yake mlikuwa na protini ya panya. Usicheke. Si kwamba panya alikamuliwa. Wataalamu walichukua jeni yake, wakaipandikiza kwenye bakteria, na bakteria ndio wakaitengeneza. Kazi ya protini hiyo mwilini ni kuita. Mahali palipoumia hupiga mwano, yowe la kuita msaada, kama Wasukuma wanavyopiga mwano ng'ombe wakiibwa, na chembe nyeupe za damu hukimbilia huko kupigana. Ndivyo Sabina alivyozoea kuwaeleza wageni wa maabara, nao walielewa.

Sasa njoo kwenye kichocho. Watoto wanaoga ziwani, minyoo inaingia, mayai yananasa kwenye ini, na mwano unapigwa bila kukoma. Chembe zinakuja, zinarundikana, zinakuja tena, mpaka ini linakuwa gumu na tumbo linavimba. Shimba, kaka yake Sabina, alikufa hivyo Igogo, akitapika damu kwenye beseni la kufulia, na Sabina ndiye aliyelishika beseni. Tangu siku hiyo alitaka kujua jambo moja tu: je, ni protini hii inayoziita? Kama ndiyo, basi iko siku mtu ataweza kuinyamazisha. Panya wake aliokuwa amewaambukiza kichocho walikuwa tayari, maini yao yamefika hatua aliyoitaka, na wiki iliyofuata wangeanza kufa wenyewe. Wafadhili nao walishasema: matokeo mwezi huu, la sivyo mradi unahamia nchi nyingine. Kila kitu kilikuwa kinasubiri kichupa.

Kikafika Ijumaa, na Ijumaa hiyohiyo shangazi yake akazikwa Igoma. Utaondokaje msibani wakati tanga halijaondolewa? Wangekusema mpaka wajukuu zako. Kwa hiyo alikwenda duka la jirani, akaomba simu, akampigia mkuu wa kituo chao cha utafiti, Mzee Ndalahwa. "Mzee, ukishapokea boksi, toa kichupa ukiweke kwenye friza. Usikifungue, nakuomba." Ndalahwa akasema sawa, na poleni kwa msiba.

Huyu Ndalahwa hakuwa mwizi wala mlevi, na afadhali angekuwa, maana mlevi unamjua. Alikuwa mtu wa utawala, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuwa na donda lake. Mwaka uliotangulia alinunua redio Mkuyuni, imo ndani ya boksi, nailoni haijaguswa. Akaifikisha nyumbani, akafungua mbele ya mkewe na wageni, akakuta tofali. Ndiyo, tofali, limeviringishwa gazeti. Zilikuwa siku za mwanzo za soko huria, bidhaa zimejaa kila kona baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na matapeli nao wakajaa. Tangu tofali lile Ndalahwa aliapa hatapokea kitu bila kukiona kwa macho yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa, ashtuke. Lakini ashtukie vya kwake.

Sabina alifunga friza, akaenda ofisini kwa Ndalahwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sabina. Poleni sana huko. Keti." Akamsogezea kiti kama mtu mwenye habari njema. "Tulitaka kuibiwa, binti yangu. Nimewakamata."

"Umemkamata nani?"

"Hao Wazungu wako. Boksi kubwa hivi, barafu inafuka moshi, mihuri kila upande. Ndani, kichupa kitupu. Nimekiinua dirishani, nimekitikisa, nimekifungua nikachungulia. Hata vumbi hamna. Wametuuzia hewa."

"Kiko wapi?"

Ndalahwa akapapasa mfuko wa shati, akakitoa, akazungusha kizibo cha buluu, akajigongea ugoro kiganjani. "Nilikiosha kwanza, usiwe na wasiwasi. Kizuri hiki, hakiingizi unyevu."

Hasira ilimpanda Sabina mpaka masikio yakaziba. Alipozungumza sauti ilitoka chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Mzee, ile protini hukaushwa. Inabaki utando tu pale chini, jicho halioni. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Umeimwaga kwenye sinki."

"Ungeniambia kwamba haionekani."

"Nilikuambia usifungue. Ulitaka nikuimbie?"

Ndalahwa alivuta ugoro wake, akapangusa pua, akafikiri. Kisha uso ukamchangamka tena. "Basi isiwe tabu. Tuwaambie wafadhili kilifika kitupu. Waliotuma watatuma kingine, na muda tutaongezewa. Nani atajua? Ni mimi na wewe."

Na hapo ndipo Sabina alipokasirika kwelikweli, kwa sababu uongo ule ungefaa. Angepata kichupa kingine, angeambukiza panya wengine, angekipata alichokuwa anakitafuta. Alifungua mdomo akubali. Alilikumbuka beseni. Halafu akauona ule unga wa kahawia uliobaki kwenye kiganja cha bosi wake.

"Yule aliyekuuzia redio," akasema, "ulimwitaje?"

"Mwizi. Nimwiteje?"

"Alilifunga boksi vizuri, akakutazama usoni, akakuapia. Sasa unataka na mimi niwafungie watu tofali."

"Mradi utakufa, Sabina."

"Umeshauua."

Akavuta simu ya mezani, akawapigia wafadhili Dar es Salaam, palepale mbele yake, akaeleza yote. Mtu wa upande wa pili alimwomba arudie pale kwenye ugoro, naye akarudia. Kisha akaambiwa wanamshukuru kwa ukweli wake, na mradi utahamishwa. Akarudisha simu mahali pake.

"Umeona sasa?" Ndalahwa akasema. "Umejimaliza mwenyewe."

"Mzee, kwetu anayesikia mwano akajifungia ndani hutengwa. Hapewi moto, hasalimiwi. Wewe umemziba mpiga mwano mdomo, na ugoro ukamtia."

Alasiri aliwalaza panya wake kwa dawa, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kuwaacha waoze wakiwa hai ilikuwa dhambi nyingine. Matumbo yalikuwa yamewavimba. Alilia, na hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, huku mikono ikiendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi Ndalahwa alikutana naye koridoni. Akasimama, akaweka uso sawa, akangoja shikamoo yake kama siku zote. Sabina akapita.