Mayai Mawili Nyuma ya Jiwe

Mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro hakuanza kwa kusema uongo. Alianza kwa kunyamaza, na hilo ndilo alilojitetea nalo kila aibu ilipomjia. Mwaka jana kiwanda kiliwapeleka wafanyakazi kupanda mlima. Meneja alikuwa amesoma mahali kwamba watu wakihangaika pamoja porini hurudi kazini na moyo mpya, basi wakabebwa wote, hadi mtunza stoo na tumbo lake. Walipofika kwenye ukingo, pale njia inapokuwa nyembamba kama benchi na upande mmoja hakuna kitu ila hewa, magoti yake yaligoma. Akawaambia wenzake watangulie, yeye anafunga kamba za viatu. Wakatangulia. Naye akajibanza nyuma ya jiwe kubwa, akamenya mayai mawili aliyofungiwa na mkewe, akala.

Ukungu ukashuka. Wenzake waliporudi kutoka kileleni wakipiga kelele, kila mmoja akiona kisogo cha aliye mbele yake tu, alijichomeka kwa nyuma. Dereva wa lori la kiwanda akampiga kofi la mgongo.

"Tumefika, mzee!"

"Tumefika," akajibu mtunza stoo.

Neno moja tu. Lakini uongo haupendi ukapera, huoa ukazaa. Kufikia Jumatatu ulikuwa umeshapata upepo uliotaka kumbeba na vidole vilivyokufa ganzi. Kufikia mwisho wa mwezi meneja alikuwa akimwita azungumze na waajiriwa wapya kuhusu kutokata tamaa. Alisimama mbele yao katikati ya marobota ya sponji, akawafundisha namna ya kuvuta pumzi ndefu penye hatari, na alizungumza vizuri, usicheze. Kisha alirudi stoo akafunga mlango, akawa anapanga upya vitambaa vilivyokwisha kupangwa, kwa sababu hakutaka mtu amtazame usoni.

Angeweza kujikokota hivyo hadi kustaafu, kama si dada yake.

Dada yake alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mumewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma baada ya kuugua muda mrefu. Dada ndiye aliyembeba mtunza stoo mgongoni alipokuwa mdogo, na duniani hapakuwa na mtu aliyemwamini mdogo wake kama yeye. Jumapili moja aliingia nyumbani kwa mdogo wake, hata kiti hakukitazama.

"Mdogo wangu, nipeleke kule mlimani kwako."

"Mlimani wapi tena, dada?"

"Kule ulikopanda. Nataka nisimame pale pale uliposimama wewe."

"Dada, kule si kwa kwenda tu hivi hivi. Miguu yako hiyo..."

"Miguu yangu inakanyaga cherehani tangu wewe hujaota ndevu. Usinitanie."

Mtunza stoo alimtupia mkewe jicho la kuomba msaada. Mkewe naye, ambaye alikuwa ameumeza uongo ule mzima mzima, akasema, "Mpeleke tu. Si ulisema njia unaijua hata ukifumba macho?" Ni kweli alisema, na tena alisema mbele ya wageni. Angemnyima vipi mfiwa kitu kidogo kama hicho? Akakubali. Mlima hakuuogopa sana. Alichoogopa ni uso wa dada yake siku atakapojua.

Jumamosi asubuhi wakaanza kupanda. Dada alipanda polepole, na kila baada ya muda alisimama, akashika gome la mti au akatazama juu tu, kama mtu aliyeingia nyumba ya kupanga na anaikagua. Mtunza stoo alijaribu bahati yake mapema. Kwanza akasingizia goti.

"Pole. Tutakwenda taratibu," dada akasema.

Baadaye kidogo akasingizia mawingu.

"Mawingu gani na jua linatuchoma utosi?"

Kwenye kijito dada alivua viatu, akatumbukiza miguu, akafumba macho. "Sikiliza," akasema.

"Nini?"

"Nyamaza kwanza."

Wakanyamaza. Maji yalipita kati ya mawe, na ndege mmoja alikuwa akiuliza swali lile lile bila kujibiwa. Dada akasema kwamba tangu mazishi masikio yake yamejaa cherehani na pole za watu, hata pumzi yake mwenyewe hakuwa akiisikia. Sasa anaisikia. Machozi yakamtoka bila kelele, akayaacha yatiririke. Mtunza stoo alikaa pembeni yake, naye akaisikia pumzi yake, na pumzi yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kukimbilia. Kimya ni kizuri kwa mwenye huzuni. Kwa mwenye hatia ni kama kukalishwa mbele ya hakimu, na alitamani hata simu ilie, lakini mtandao ulikuwa umekatika zamani.

Jua lilipokuwa utosini hasa, wakafika kwenye ukingo. Ulikuwa vile vile. Jiwe nalo lilikuwa pale pale, kubwa, halina habari.

Dada alitazama njia ile nyembamba, kisha akamgeukia. "Mbele ya hapa kuna nini?"

Swali dogo kabisa. Kwa mwaka mzima alikuwa amelijibu kwa watu ambao hawakumuuliza, tena kwa mikono na miguu. Akafungua kinywa, akatazama ule uso uliochoka, uliokuwa ukimngoja kwa imani yote, na hadithi ikamwishia.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Dada, mimi hapa sikupita. Niliogopa. Wenzangu walipanda, mimi nilijificha nyuma ya jiwe lile. Nilikuwa nakula mayai."

Dada akacheka. Alidhani ni mizaha yake ya kawaida. Kisha akamwangalia vizuri, na kicheko kikakatika.

"Unajua shemeji yako," akaanza, sauti ikiwa ya chini sana, "daktari alimwambia ajitahidi kutembea. Kutoka kitandani hadi mlango wa wodi. Alikuwa hataki, anaumia. Wewe ukaja ukamsimulia habari zako. Basi kila asubuhi anasema, 'Kama shemeji na tumbo lile amefika juu, mimi nitashindwa na mlango?' Anashika ukuta, mimi nimemshika huku. Wiki tatu. Siku aliyofika mlangoni alilia kama mtoto. Akasema akipona utampeleka, nami nikamwambia ndiyo. Nimekuja mimi badala yake." Akalitazama jiwe. "Nimekuja kuona mayai."

Mtunza stoo alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliikumbuka siku ile ya wodini. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo siku aliyotia chumvi kuliko zote, akimwona shemeji yake anang'aa macho pale kitandani, na akaondoka akijiona mtu mwema. Akasema, "Nisamehe, dada." Dada alikaa chini, akampa mgongo, akatazama bonde. Alikaa hivyo muda mrefu mno, na mdogo wake alisimama nyuma yake, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

Hatimaye dada akainuka, akakung'uta sketi.

"Tangulia."

"Siwezi, dada."

"Naye alikuwa anasema hivyo hivyo kila asubuhi. Tangulia nikuone."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye mtunza stoo aliinama hasa: alikwenda kwa mikono na magoti, tumbo likisugua jiwe. Alijaribu ile pumzi ndefu aliyowafundisha watu kwa mwaka mzima, akagundua kwamba alikuwa akiwafundisha upuuzi. Pumzi ndefu ilikataa. Basi akachukua fupi iliyokuwepo, kisha nyingine. Hakuthubutu kutazama pembeni, akatazama mwamba ulio mbele ya pua yake. Ulikuwa na madoa ya kijani, na sisimizi mmoja alikuwa akivuka na kipande cha jani, hana haraka. Mtunza stoo akamfuata sisimizi yule kwa macho. Mkono, goti. Mkono, goti. Alikuwa akitetemeka na akiona haya kwa kutetemeka, na bado mkono ulikwenda, na goti likaufuata. Ukingo ulipopanuka ukawa njia tena, alijilaza chali akahema, shati limelowa. Dada alivuka nyuma yake wima, kiganja kikiwa kwenye ukuta wa mwamba, akamruka miguu akapita.

Na hapo kitu kingine kikamshika mtunza stoo. Alikitaka kile kilele kwa uchu. Akifika leo, alijiambia, uongo wa mwaka jana utapata pa kujificha, itabaki tofauti ya tarehe tu. Akaanza kupanda haraka, akimpita dada, akiteleza na kuinuka. Ndipo ukungu ukashuka, ule ule mzito, ukafuta njia, ukafuta hata viatu vyao.

"Turudi," akasema dada.

"Ni karibu, dada! Najua ni karibu."

"Unajuaje? Hujawahi kufika."

Lilimchoma neno hilo, maana lilikuwa kweli tupu. Alisimama kwenye ukungu akisikiliza moyo wake. Njia haikuonekana, na nyuma yake alisimama mwanamke mwenye watoto watatu waliobakiwa na mama tu. Akageuka. Akatangulia tena kwenye ukingo, kwa mikono na magoti, na safari hii hakuambiwa.

Chini kwenye lango la mlima, askari aliyekaa na daftari alikuwa akiandika wanaotoka. Nyuma yao walipanga foleni wapandaji wengine, vijana wenye vicheko.

"Mmefika juu?" askari aliuliza kwa mazoea, bila kuinua macho.

Dada akamtazama mdogo wake.

"Hatukufika," akasema mtunza stoo. "Ukungu ulituzuia." Angeweza kuishia hapo. "Na mwaka jana, tulipokuja na kiwanda, mimi sikufika. Niliwaambia watu nimefika. Sikufika."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kwenye foleni mtu mmoja akaguna kwa kicheko, na masikio ya mtunza stoo yakawaka moto. Askari akainua kichwa, akamtazama, akatazama daftari.

"Mzee, hapa hatuandiki waliofika. Tunaandika waliorudi. Mko wangapi?"

"Wawili," akasema dada, na neno likamkwama kidogo. Akachukua kalamu akasaini, kisha akampa mdogo wake.

Walitembea hadi barabarani. Pale kwenye kituo cha basi dada alifungua kinywa, bado anatazama mbele.

"Kesho utakuja nyumbani uwaambie wanangu. Baba yao alikuwa akiwasimulia habari zako hadi siku ya mwisho."

Mtunza stoo aliona heri arudishwe kwenye ukingo. Akasema atakuja.